Kuku ya mu Kwapa Yangu

Mwanamuke akibeba kuku mu kwapa, hakuna muntu anamuuliza shida yake. Hapa Lubumbashi ukitembea na imbwa, bantu banakuhamia njia. Ukitembea na paka, banakuogopa, na magaribi banaanza kukusema. Ukitembea peke yako, mukono ku kifua, unasimama pa kila nguzo ya umeme, banasema: angalia ule mama, asubui hii amesha kulewa. Lakini kuku mu kwapa? Unaenda ku soko. Ao unaenda kwa bakwe. Ao unatoka kwa bakwe na hawakukupokea muzuri. Kila muntu amesha kujua maneno yako, anakuuliza bei tu.

"Mama, ile kuku unaiuzisha ngapi?"

"Siiuzishe."

"Sasa unaibeba juu ya nini?"

"Yeye njo ananibeba."

Na ninapita.

Kabla ya kuku nilikuwa mwanamuke ya samaki. Nilizaliwa Mitwaba, bwana yangu akanileta hapa Kamalondo ningali kijana, akajenga nyumba mu lupango, kiwanja yenye ninaikala mpaka leo, katikati ya fundi ya nguo na baa ya pombe. Alikufa, nikalisha batoto na samaki ya kukausha yenye ilikuwa inatoka Kasenga. Nilikuwa ninapigana na banaume juu ya gunia ya samaki, na banaume njo balikuwa banarudi nyuma. Ninasema hii juu muntu asifikiri nilizaliwa na woga. Woga ilinikuta mukubwa, na meno yangu yote.

Siku yenye ilianza, hakuna kitu ilikuwa imetokea. Bantu banapendaka kutafuta: alisikia habari gani, aliota nini, nani alimuangalia mubaya. Hapana. Ilikuwa asubui ya kawaida, jua ya kawaida, nzi ya kawaida juu ya samaki. Nilikuwa ninamufungia mama moja samaki yake mu karatasi, na moyo yangu ikaanza kukimbia sawa vile kuna kitu inaifukuza. Vidole ikakufa. Midomo ikakufa. Pumzi ikawa fupi, haifike chini. Nikajua: ninakufa, hapa, mbele ya kila muntu, na harufu ya samaki ku mikono. Nikasimama, nikakimbia.

Mimi si mwanamuke mudogo. Nikikimbia, inaonekana. Soko yote ikafikiri ninafukuza mwizi. Banaume balinipita mbele na majiwe mu mikono, banauliza: "Mama, iko wapi? Amevaa nini?" Sikuweza kujibu. Nilifika ku lupango yangu na kundi nyuma yangu, nikaingia mu chumba, nikajifungia, na inje bangali banabishana kama mwizi alivaa shati nyekundu ao ya bulu. Muntu moja aliapa kama alimuona kwa macho yake, anaruka ukuta.

Sikukufa ile siku. Lakini ile kitu ilirudia. Ilirudia ku kanisa. Ilirudia pa bomba ya maji. Ilirudia nikiwa ninatwanga sombe, majani ya muhogo, bila muntu, bila kelele. Nikaanza kuogopa kutoka, kiisha nikaanza kuogopa ile kuogopa yenyewe. Nikamuachia jirani meza yangu ya soko. Nikaikala ndani, pa mulango, jua inafika pa vidole ya miguu yangu na inaishia pale, na mimi pia ninaishia pale.

Kila muntu alikuja na yake. Mwana yangu ya kwanza alisema ni damu inapanda. Jirani alisema ni bwana yangu ananiita. Mama moja ya maombi alinisukuma kichwa mpaka shingo ikauma, anaambia pepo itoke. Kitu yenye ilitoka ni hereni yangu. Ku hospitali munganga moja kijana akanisikiliza kifua, akanipima, akatosha ile kamba ku masikio.

"Mama, moyo yako iko na nguvu kuliko yangu."

"Sasa inakimbilia nini?"

"Ni mawazo, Mama. Ni woga yenye imesha kuwa ugonjwa. Inakamataka bantu mingi."

Nilimukasirikia. Mawazo? Unionyeshe muntu ya Kamalondo mwenye hana mawazo, nitamupikia bukari na nyama. Nilizika bwana, nilizika batoto, mawazo haikunikimbiza. Sasa nimezeeka, niko na sahani yangu ya kila siku, njo inakuja? Nilikasirika mpaka nikasahau kumuuliza nifanye nini, na yeye akasahau kuniambia. Alinipa vidonge ya kulala. Nikalala. Nikaamuka, na woga yangu pia ikaamuka, imepumzika muzuri.

Kuku alikuja na miguu ya kufungwa.

Kwetu, ukienda kuona mugonjwa mwenye unaheshimu, haumuletee kuku ya friji, ile yenye haina kichwa, haina miguu, hata haujue ilikuwa nani. Unamuletea yenye kupumua. Mama moja mwenye tulikuwa tunauzisha naye samaki njo alimuleta, miguu imefungwa na kipande ya kitenge ya zamani. Kuku mubaya. Shingo wazi, bila nyoya moja, nyekundu sawa kiwiko ya muntu mwenye kuanguka na baiskeli. Tuliongea, tukakunywa chai, mugeni akaenda. Nikamuweka ule kuku ku magoti yangu juu ya kumupima. Kila mwanamuke anajua: unatia kidole gumba pa kifua ya kuku, unabonyeza, unajua kama ni ya kupika leo ao ya kungojea inone. Nilikuwa ninabonyeza, ninawaza mafuta na kitunguu, na ile kitu ikanikamata.

Hakukuwa muntu mu nyumba. Nikashika kitu yenye nilikuwa nayo. Nikashika kuku na mikono yote mbili, sawa vile unashika mulango wakati upepo inataka kuifungua. Na chini ya mikono nikasikia moyo yake. Inakimbia. Inakimbia kuliko yangu, mbio yenye hauwezi hata kuifwata. Nikasema: huyu atakufa mbele yangu. Lakini yeye alikuwa anaangalia punje ya muhindi chini ya kiti. Alikuwa anainyooshea ile shingo yake mubaya. Moyo inakimbia vile, na mwenye moyo iko na njaa.

Nilimuangalia mingi. Moyo ya kuku inakimbiaka vile siku yote, na siku yote kuku anatafuta muhindi. Haimuue. Haimukatazi kitu. Basi na yangu ikimbie, nikajiambia, tuone itafika wapi. Ikakimbia, ikakimbia, ikachoka kushindana na mwenzake. Ikarudia ku mwendo yake. Nikamufungua kuku miguu, nikamutupia ile punje.

Siku ya Mungu tulikula sombe. Bajukulu balinuna.

"Kambo," mujukulu yangu mukubwa ya mwanamuke aliniuliza. Kambo njo nyanya, kwetu. "Kuku iko wapi?"

"Anakula."

"Tulifikiri ni sisi tutakula."

"Mulifikiri."

Ule musichana ni mutoto ya mwana yangu ya kwanza, lakini nilimulea mimi tangu aache ziwa. Ninamutaja hapa juu atarudia mbele.

Nilianza na kufika pa mulango ya lupango, kuku mu kwapa, kichwa yake mbele, kiganja yangu chini ya kifua yake, fasi moyo inapiga. Kiisha mpaka kwa fundi ya nguo pa kona. Akainua macho ku masini yake.

"Mama, leo bakwe bamepata bahati."

"Bakwe gani?"

"Benye kungojea ile kuku."

"Bangojee tu."

Kesho yake nikapita fundi. Kiisha nikafika ku soko, nikamuambia jirani asimame, meza ni yangu. Kuku nikamuweka mu beseni chini ya meza. Ile kitu ilinifwata mpaka pale, sitadanganya muntu. Ilikuja. Nilikuwa ninainama, ninatia mukono mu beseni, ninangojea ipite, na wateja banafikiri ninatafuta pesa ya kurudisha. Ku kanisa mwenye kusimama pa mulango alinikatalia: mu nyumba ya maombi kuku haiingie. Nikamuuliza, siku ya matoleo, bantu bakileta kuku, banaingizia mulango gani?

"Zile ni za Mungu, Mama."

"Na hii Mungu alinipa. Hama."

Akahama. Kuku alijinyamazia mu ibada kuliko ba mama benye kuikala nyuma yangu, benye balisema juu yangu tangu wimbo ya kwanza mpaka baraka.

Basi ule mujukulu akapata bwana. Kijana muzuri, anaikala Katuba, lakini jamaa yake ni ya Kasenga, bantu ya samaki na ya heshima mingi. Balituma habari kama banakuja kuleta mali ya ndoa, na mukubwa yao atakuwa baba mukubwa ya kijana, muzee mwenye kushika desturi na mikono mbili. Mwana yangu akaanza kutembea mu nyumba na mawazo yake.

"Mama," akaniambia, "siku ya bakwe utabakia mu chumba."

"Mu chumba gani?"

"Mama, ukipata ile maneno yako mbele ya bantu? Uanguke, ukimbie? Batasema mutoto anatoka mu jamaa ya wazimu. Na ile kuku, kusema kweli, tungeipika. Bakwe banataka kuku ya lupango."

"Na lupango ni ya nani?"

 Akaenda kununua jogoo, akamufunga nyuma ya jikoni. Mimi nikakubali chumba. Nilikubali na kinywa.

Sasa, muelewe desturi. Bakwe bakifika, mbele ya maneno yote banaonyeshwa kuku muzima. Mukubwa yao anaipokea na mikono yake, anapiga makofi, anashukuru, kiisha banaipeleka ku jikoni. Ku mwisho ya chakula, firigisi inamufikia yeye peke yake, ku sahani ndogo. Firigisi ikikosa, bakwe banarudi kwao na ile maneno, na batoto ya batoto yao bataisikia.

Siku ikafika. Nilikuwa mu chumba, kuku ku magoti, ninasikia viti inavutwa inje. Ninasikia salamu. Ninasikia muntu ya kusemea jamaa yetu, mwenye mwana yangu alikodi, anaanza kusifu musichana yetu: tumemulea muzuri, tumemufundisha kazi. Tumemulea? Yeye hajue hata mukono gani ule mutoto anashikiaka mwiko. Nikasimama. Nikajifunga kitenge yangu ya sikukuu, nikatia kuku mu kwapa, nikatoka, nikaikala ku kiti ya mbele, uso kwa uso na bakwe.

Mujiweke mu fasi ya ule muzee. Nyanya ya bibi-arusi anatoka mu nyumba, amevaa muzuri, anaikala mbele yake na kuku muzima. Muntu ya Kasenga atafikiri nini ingine? Akasimama. Akatosha kofia. Akakunja magoti kidogo, akapiga makofi polepole.

"Aksanti, Mama. Aksanti kabisa. Mumetuheshimia."

Banamuke ya jamaa yake bakapiga vigelegele. Na yeye akaninyooshea mikono mbili.

Mwana yangu akainama pa sikio yangu. "Muachie, Mama. Muachie tu. Kesho nitakununulia ingine."

Na moyo ikaanza. Ilichagua ile saa, mbele ya bale bantu bote. Vidole ikaanza kukufa, midomo ikafwata. Mulango ya lupango ilikuwa wazi na miguu yangu ilikuwa imesha kuiona. Chini ya kiganja, yake pia inakimbia, na yeye alikuwa anaangalia kifungo ya koti ya muzee, anataka kuidonoa.

"Baba," nikasema, "ikala."

Vigelegele ikakatika.

"Baba mukwe, yako iko nyuma ya jikoni, jogoo munene, utaiona. Huyu si ya kula. Niko na ugonjwa ya woga. Munganga anasema ni mawazo, mwana yangu anasema ni damu, ba maombi banasema ni pepo. Hata sasa vile ninasema nawe imenikamata. Angalia mukono." Nikainyoosha mukono mbele ya bakwe bote, ilikuwa inatetemeka sawa jani. Sikuificha. "Bila huyu kuku singetoka mule chumba kumuona mutoto yenu. Mumekuja kukamata moja mu nyumba hii. Bawili, hapana."

 Ku baa ya jirani muziki ikaendelea peke yake.

"Mama," muzee akasema, "nimesha kupiga makofi."

"Nilisikia."

"Kuku ikisha kupigiwa makofi ni ya bakwe. Ukinionyesha hii na kunipa ingine, ni kusema hii ni muzuri mingi kwa sisi."

"Angalia shingo yake, baba. Huyu ni muzuri mingi kwa nani?"

Muntu moja nyuma akacheka, akaimeza. Muzee hakucheka. Akarudisha kofia ku kichwa. Mukwe akivaa kofia mbele ya kula, ni safari. Bandugu yake bakasimama. Mwana yangu akafunika uso na mikono, na mimi nikaona ndoa ya mujukulu yangu inatoka pa mulango juu ya kuku moja ya shingo wazi, na bado sikumuachia. Museme munachotaka. Sikumuachia.

Muke ya mwana yangu njo aliiokoa. Ule mwanamuke anasemaka kidogo, na kila mara pa fasi yake.

"Baba," akamuambia muzee, "mbele ya kutoka, tumuite mutoto. Haiko muzuri kutoka bila kumuuliza."

Muzee hakuweza kukataa. Hiyo pia ni desturi: bibi-arusi anafichwa ndani, na hakuna kitu inakamatwa mbele ya yeye kutoka na kukubali. Bakamuleta. Kitenge mpaka chini, macho mpaka chini, sawa vile nilimufundisha.

"Unajua hawa bantu?" baba yake akamuuliza, sauti imekufa.

"Ninabajua."

"Vitu yenye balileta, tukamate?"

"Mukamate." Macho yangali chini. "Na baba mukubwa akule jogoo, nitamupikia mimi mwenyewe. Lakini kuku ya kambo ikiingia mu chungu, mimi ninarudi mu chumba."

Bibi-arusi haongeze neno juu ya ndiyo. Ba mama balivuta pumzi. Bwana-arusi alikuwa anaangalia viatu yake sawa vile aliipata leo. Kiisha akasema, polepole: "Baba mukubwa, ikala, tafazali."

Muzee hakuikala. Aliniangalia. Aliangalia mukono yangu, ingali inatetemeka juu ya manyoya. Sauti yake ikabadilika.

"Inakukamataka ku kifua?"

"Ku kifua. Na ku vidole."

"Na pumzi inakuwa fupi."

"Fupi, baba. Haifike chini."

Akatikisa kichwa, sawa muntu mwenye kusikia jina ya fasi yenye amesha kupita.  Akatosha kofia, akaikala.

"Nitakula jogoo," akasema, kwa sauti ya kusikiwa na bote. "Lakini nilipiga makofi. Firigisi ya huyu kuku ni yangu. Ibakie mule mule ndani, Mama atanichungia."

"Nitakuchungia, baba. Haitatembea bila mimi."

Hapo njo bantu bakacheka, na vigelegele ikarudia. Mwana yangu peke yake hakucheka. Alikaa siku mingi bila kunisemesha muzuri. Leo, ukimusikia akielezea bantu ile ndoa, utafikiri yeye njo alinishika mukono nikatoka mu chumba. Ninamuachia. Ni mwana yangu.

Muzee ananipigiaka simu tangu Kasenga. Haulizi habari ya mvua wala ya bajukulu kwanza.

"Mama mukwe, firigisi yangu inaendelea namna gani?"

"Inasaga muhindi, baba."

"Na moyo?"

"Asubui ilikimbia. Niko ku soko."

"Basi muzuri."

Kuku amezeeka. Mayai imekuwa ya mara kwa mara, na mugongo ikaanza kufanana na shingo. Bantu benye roho muzuri, na benye roho ingine, banakuja kuniambia: "Mama, kuku haiishi sawa muntu. Siku akikufa, utafanya nini?" Ninabaambia nitalia. Nitamuzika mu lupango, karibu na jikoni, na hakuna muntu atagusa ile firigisi. Mama moja akacheka: kulilia kuku, na akili yako yote? Nikamuuliza: "Wewe mama yako alipokufa, ulifanya nini?" Akaniangalia mubaya, akakamata samaki yake akaenda. Amerudia siku ingine. Samaki yangu ni muzuri.

Woga haijaisha. Mwenye anangojea niandike kama iliisha, afunge karatasi hapa. Inakuja, inanikuta nimesimama, inakaa saa yake, inaenda. Kesho gari ya samaki inafika kutoka Kasenga, nitapaswa kutoka mapema kabla banamuke bengine hawajachagua gunia ya muzuri. Pa kona ya fundi ya nguo kutakuwa muntu moja mwenye hanijue. Ataniangalia kwapa, ataniuliza bei.

Aniulize.